Kabla ya kununua miche, fungueni ramani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu upandaji miti jijini Dar es Salaam. Ninawaandikia hasa maofisa mazingira wa halmashauri zetu tano, madiwani na wenyeviti wa serikali za mitaa. Ninaotesha na kuuza miche kando ya barabara upande wa Tabata, karibu na bonde la Mto Msimbazi, na vitalu kama changu ndivyo vinavyolisha kampeni nyingi za miti hapa mjini.

Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa wilaya yenye mapori na mashamba makubwa, lengo hilo naliona linafikika. Kwa Dar es Salaam, naomba wasomaji tupige hesabu pamoja. Mti wa kivuli, tuseme mwarobaini au mwembe, ili unawiri unaupa nafasi ya mita tano kwa tano, yaani mita za mraba 25, na hapo bado umeubana. Miti milioni 1.5 kwa nafasi hiyo inataka kilometa za mraba 37.5. Halmashauri ni tano, kwa hiyo ni zaidi ya kilometa za mraba 187 kila mwaka. Mkoa mzima una takriban kilometa za mraba 1,393, na humo kuna Kariakoo, bandari, uwanja wa ndege, mabati yote ya Mbagala na lami yote ya Barabara ya Morogoro. Kwa mwendo huo, mwaka wa nane usingeisha kabla mkoa wote haujajaa miti, bila kubaki nafasi ya nyumba wala njia.

Hakuna anayetarajia hivyo, najua. Lakini hesabu hii inaonyesha tatizo lilipo. Tumepewa idadi bila mahali, na idadi isiyo na mahali inatimizwa kwa namna moja tu, nayo nimeiona kazini msimu baada ya msimu: miche inapandwa, mingi inakufa kiangazi, masika yakirudi mashimo yale yale yanafukuliwa upya. Kwenye taarifa kila shimo linahesabiwa tena.

Mwezi wa pili ukianza, simu zinaanza kuita. Mnunuzi anauliza kama nina miche elfu tatu. Namuuliza ya aina gani. Yoyote, ilimradi iwe ya kivuli na iwe imefika goti. Nikimuuliza inakwenda kupandwa wapi, anasema eneo litapatikana. Mimi ni mfanyabiashara, nina watoto wanaosoma na vijana wanaonisaidia kujaza viriba, kwa hiyo miche nauza. Lakini inaniuma, kwa sababu mche si tofali. Mwarobaini unavumilia jua na ukame kuliko karibu miti yote ninayootesha, ila mizizi yake haitaki kukaa ndani ya maji. Mzambarau unavumilia maji yanayotuama. Mkungu unastahimili chumvi na upepo wa bahari. Mvinje unapenda mchanga wa pwani. Mwashoki watu wanaupenda kwa sababu umenyooka na hauchafui uwanja, lakini kivuli chake hakimtoshi hata mama anayeuza maandazi chini yake. Ukishajua eneo, aina ya mti karibu inajichagua yenyewe.

Kuna mwaka taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilichukua miarobaini kwangu ikaipeleka bondeni kabisa, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambako maji ya mvua hukaa siku nyingi bila kunywea. Sherehe ilifanyika, picha zikapigwa, kila mche ukawekewa fito tatu za kuuzungushia. Masika ilipokolea nilikwenda kuiangalia. Majani ya chini yalikuwa yameshakuwa ya njano na ncha zimeanza kujikunja. Niliung'oa mmoja uliokwisha kufa. Ulitoka kwa vidole viwili, bila kushikwa na udongo, na mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka tope la mtaro. Mita chache kutoka pale matete yalikuwa yamestawi yenyewe, hakuna aliyeyapanda. Mahali pale palikuwa pameshasema panataka nini.

Kinachonisukuma kuandika ni kwamba taarifa za mahali kama pale zipo, na zilikusanywa na vijana wetu wenyewe. Mwaka 2011 Tandale ilichorwa ramani na wanafunzi pamoja na wakazi. Desemba mwaka ule ule ikaja mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipita kata kwa kata wakiwa na simu mikononi, wakiongozana na wenyeji. Walichora nyumba, vichochoro, visima, shule. Walipima mitaro na makalvati: upana, kina, umejengwa kwa zege au ni wa udongo, umeziba au unapita. Walizungumza na wakazi wa muda mrefu kuhusu maji yanapofika mvua ikizidi. Ndege nyuki, zile ndogo zisizo na rubani, zikarushwa kupiga picha kutoka juu. Kazi hiyo imewekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo mtu yeyote anaifungua bure kwenye simu yake na anaweza kuisahihisha akikuta kosa.

Nimetembelea ofisi kadhaa za serikali za mitaa nikipeleka miche. Ukutani nimeona kalenda, picha ya Rais, tangazo la ushuru wa taka na orodha ya wajumbe. Ramani ya mitaro ya mtaa sijaiona. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloomba: ichapwe kwenye karatasi kubwa na ibandikwe pale, kwa sababu wazee wetu wengi hawatafungua kompyuta, lakini wakisimama mbele ya karatasi wataweka kidole na kusema hapa pamekosewa, kalvati hili lilizibwa na mwenye nyumba, maji siku hizi yanapita kule.

Jambo la pili ni setilaiti. Baadhi ya watu wakisikia neno hilo wanadhani ni mambo ya jeshi au ya matajiri. Setilaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha za ardhi tangu 1972, na za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 zilianza 2015. Picha zote hizo hutolewa bure. Namna zinavyotambua mti ni rahisi kuelewa. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga mwingine ulio jirani na mwekundu, ambao macho yetu hayauoni. Bati, lami na udongo mkavu havifanyi hivyo. Kompyuta inalinganisha mianga hiyo miwili na kutoa ramani inayoonyesha wapi pana majani na wapi hapana. Landsat inapima pia joto la uso wa ardhi. Ukiweka ramani ya joto juu ya ramani ya majani, unaona ni mitaa ipi inaungua mchana bila hata mti mmoja wa kujificha. Hapo ndipo kivuli kinapohitajika, mahali ambapo mgonjwa anasubiri zahanati ifunguliwe na mtoto anatembea saa saba mchana kutoka shule.

Lakini mtu asiwadanganye kwamba picha ya angani inatosha. Doa moja dogo kabisa kwenye picha ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Manzese au Vingunguti, ndani ya eneo hilo unapata mapaa mawili au matatu, kichochoro, choo na mpapai mmoja, vyote vimechanganywa kuwa rangi moja. Na kijani hakina jina. Bustani ya mchicha, magugu ya mtaroni na msitu wa mikoko kule Msimbazi unapoingia baharini karibu na Daraja la Selander, vyote vinang'aa kijani. Mikoko ni ya kulindwa kwa nguvu zote. Bustani ya mchicha ni riziki ya mtu na pia ni ardhi inayokunywa maji, kwa hiyo isifyekwe ili kupanda miti ya maonyesho. Magugu ya mtaroni yanaweza kuwa ndiyo yanayosababisha mafuriko. Tofauti hiyo inajulikana kwa miguu tu, kwa mtu kufika, kutazama na kuandika. Wenzetu wa Zanzibar walipoanza kupiga picha visiwa vyao kwa ndege nyuki mwaka 2016, kupitia Kamisheni ya Ardhi, waliwatumia vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha ya ndege nyuki inaonyesha hadi kichaka kimoja, na mwenyeji anaweza kuitambua nyumba yake.

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndipo tunapopotea zaidi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10 ina mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 50, kiasi ambacho masika huweza kukimwaga kwa siku moja, paa hilo peke yake linamwaga lita 4,000, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Mtaa wenye nyumba 500 za namna hiyo unatoa lita milioni mbili, na uwanja ulishasakafiwa, kwa hiyo karibu yote yanakimbilia kwenye mtaro mmoja. Ukichimba mfereji wa nyasi wa mita 50 kwa urefu, mita 2 kwa upana na nusu mita kwa kina, unahifadhi lita 50,000, yaani maji ya mapaa 12 hivi. Kwa hiyo mfereji mmoja wa maonyesho mbele ya ofisi hauwezi kuokoa mtaa. Inatakiwa mingi, midogo midogo, iwekwe pale maji yanapoanza kukusanyika, na kwenye udongo wa kichanga unaokunywa maji. Hayo yote unayapata kwenye ramani ya miinuko na ramani ya mitaro kabla hujanunua jembe.

Tunalilia Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, kila masika. Barabara inafungwa, mabasi yanageuza, watu wanatembea kwa miguu kutoka Magomeni kwenda mjini. Na kwa sababu tunalilia Jangwani, miti tunaipeleka Jangwani. Lakini Msimbazi hauanzii pale. Chanzo chake kiko kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita Ukonga na Vingunguti, njiani unapokea maji ya vijito kutoka Ubungo, Sinza, Kimanga na kwingineko. Yanayofika Jangwani ni maji yaliyokwisha kushindikana. Kila kiwanja kilichosafishwa na kusakafiwa Kinyerezi, Segerea au Gongo la Mboto kinaongeza kitu bondeni. Mti unaopandwa huko juu, kwenye mteremko, unashika udongo usije ukajaza mchanga mtoni, na unayapunguza maji kasi. Daraja jipya la Jangwani na hifadhi ya kijani iliyopangwa chini ya mradi wa bonde la Msimbazi, mradi ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2022, ni mambo ninayoyaunga mkono. Ila hifadhi hiyo itajaa mchanga na chupa kama juu hakuna kinachofanyika, na juu hapako kwenye picha za habari. Mwandishi wa habari anakwenda kulikofurika.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, kwa kuwa naishi na watu wa bondeni na wengine ni wateja wangu. Ndege nyuki ikipita juu, wengi wao hawaoni maendeleo. Wanakumbuka mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, alama za X nyekundu ukutani na tingatinga zikifuata. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mimi sipingi sheria hiyo, kwa maana nimeona mto unavyokula ukingo. Lakini mtu akija na kishikwambi akipima mtaro wako huku hujui taarifa inakwenda wapi, utamdanganya au utamfukuza, na ramani itakayotoka itakuwa na mashimo pale pale penye shida. Wenyeji waonyeshwe ramani kwanza, kwenye mkutano wa mtaa, waambiwe imekusanywa kwa ajili gani na nani ataiona. Wakielewa kwamba inatumika kuchagua mahali pa kupitisha maji yasiingie ndani, wao wenyewe watakuonyesha kila tundu.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ni mji wa vilima na mvua kubwa. Tarehe 14 Agosti 2017 mlima uliporomoka ukaua watu wanaokadiriwa kuzidi elfu moja; vilima vilikuwa vimevuliwa miti na kujengwa. Chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr mji ule ulianza mwaka 2020 kampeni ya miti milioni moja. Lengo lao nalo ni namba kubwa, lakini walivyolifuata ni tofauti na sisi. Kila mche unapigwa picha kwa simu, simu inarekodi mahali ulipo, mche unapewa namba yake kwenye programu inayoitwa TreeTracker. Wakazi waliokabidhiwa miche wanaurudia kila mmoja baada ya muda kuupiga picha tena, na wanalipwa kwa pesa ya simu kwa miche iliyo hai. Kwa hiyo malipo hayaishii kwa muuza miche na mwenye lori. Yanamfikia anayebeba ndoo.

Naliona hilo linawezekana hapa bila mtaalamu kutoka nje. Wanafunzi waliochora Ramani Huria wengine sasa ni wataalamu, wapo mjini humu. Tuna vijana wa mitaa wenye simu na wanaotafuta kazi, na hakuna asiyejua kupokea fedha kwenye simu. Mche ninaouza bei ya jumla unagharimu kidogo sana ukilinganisha na maji na ulinzi wa miaka miwili ya kwanza, na ndiyo maana fedha yote ikiishia kwenye kununua, mti unabaki yatima kuanzia mwezi wa sita mvua zinapokatika. Halmashauri inunue miche pungufu, hata nusu. Mimi nitapata hasara na wenzangu watanilaumu. Nusu nyingine ya fedha iende kwa watu wa kumwagilia, walipwe kwa picha ya mti ulio hai.

Taarifa ya mwaka nayo ibadilike. Badala ya namba moja ya miti iliyopandwa, kila halmashauri iweke wazi kwenye ramani mti ulipo, aina yake, tarehe ulipopandwa, anayeutunza, na kama ulikutwa hai baada ya kiangazi cha kwanza. Mhariri, waandishi wako wakiipata ramani hiyo hawatahitaji kusubiri sherehe. Watachagua nukta kumi wapande bodaboda waende kuona. Idara za maji na barabara nazo ziingize humo mipango yao. Nimeshuhudia safu nzima ya mikungu iliyokuwa imefika mabegani ikifukuliwa siku moja kupitisha bomba, na waliofukua hawakuwa na habari kwamba waliopanda walikuwa ofisi ya jirani.

Wanaosema kwamba kwanza tuwe na mfumo mkubwa wa kompyuta ndipo tuanze, siwaungi mkono. Tuanze na kata moja yenye mteremko, Kinyerezi kwa mfano. Ichapwe ramani ya mitaro, ifanyiwe mkutano, yachaguliwe maeneo na aina za miti kabla ya mwezi wa pili, ili sisi wa vitalu tuoteshe kinachohitajika. Mzambarau unaoteshwa mapema, huwezi kuniambia wiki ya mwisho. Matete na majani ya kushika kingo yanataka kugawanywa na kushikishwa kabla mvua kubwa haijaanza.

Kwa miti iliyokwisha kupandwa miaka ya karibuni, upande wangu ninacho cha kuanzia. Ninaweka daftari la mauzo: tarehe, aina, idadi, na aliyechukua. Ofisa mazingira anayetaka kutafuta iliko na iliyobaki hai aje nayo simu, nami nitaacha kijana kitaluni niongozane naye.

Muotesha miche,
Tabata, Dar es Salaam